Ukitaka Kompyuta, Anza na Mathe

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwishoni mwa Januari, simu yangu haitulii. Watoto wa ndugu, watoto wa majirani, watoto wa watu niliokaa nao kiti kimoja kwenye basi la Dar wakachukua namba yangu, wote wanaleta swali moja: "Shikamoo madam. Nimepata divisheni wani, nataka nikasome kompyuta chuoni. Nichague kombi gani?" Nyuma yao wanakuja wazazi, na swali la wazazi lina mkia: "Mwalimu, huyu kijana simu ikiharibika anaitengeneza mwenyewe. Si aende kwenye kompyuta moja kwa moja?"

Nafundisha programu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dodoma. Darasa langu hujaa watoto waliotoka PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), pamoja na wachache waliopitia diploma, na ikifika mitihani ya semista ya kwanza huwa nimeshajua nani alikuja na nini. Kwa hiyo jibu langu ni fupi, na limeshawaudhi wazazi wengi: chagua kombi yenye Hisabati ya Juu, ile ambayo una uwezo wa kuifaulu vizuri. Masomo mawili yanayobaki tutayazungumza baadaye. Kujua kutengeneza simu ni jambo jema, ila halimo kwenye sifa za kujiunga.

Tuanze na sifa zenyewe, maana watu wengi wanazisikia mtaani tu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kwa anayetoka kidato cha sita, sharti la jumla ni awe amefaulu masomo makuu mawili, na pointi za masomo hayo zisipungue 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hilo ni la jumla. Juu yake kila kozi ina sharti lake, na kwenye kozi za kompyuta sharti hilo karibu siku zote linaitaja Hisabati. Zipo kozi zinazotaka Hisabati ya Juu iwe mojawapo ya yale masomo mawili. Zipo zinazokubali masomo mengine, mradi uwe walau na sabu (S) ya Hisabati ya Juu, au umefaulu BAM, ile Hisabati ndogo wanayosoma watoto wa PCB, CBG na HGE, au ulikuwa na alama nzuri ya Mathe kidato cha nne. Ukielekea uhandisi wa kompyuta au wa mawasiliano ya simu, Fizikia nayo inadaiwa, na hapo hakuna mjadala.

Sasa chukua watoto wawili. Wa kwanza kasoma PCM, kapata E ya Fizikia, E ya Hisabati na S ya Kemia. Ana pointi 2 za masomo makuu, na kwa digrii hajafika popote. Wa pili kasoma EGM, kapata C ya Jiografia na D ya Hisabati. Ana 5, na anakaa chini kuchagua kozi. Lakini siku ile wanaenda kidato cha tano, wa kwanza ndiye aliyechinjiwa kuku, kwa sababu mtaani PCM ni kombi ya vichwa na EGM ni ya waliokosa nafasi. Maneno haya yamewapoteza watoto wengi kuliko mtihani wenyewe.

Sisemi PCM ni mbaya. Kwa mtoto aliyeiva, ndiyo kombi inayoacha milango mingi wazi: kompyuta, uhandisi wa kila aina, madini, usanifu wa majengo. Ila mzazi ajue anachokinunua. Fizikia ina karatasi tatu, ya tatu ikiwa ya maabara. Kemia nayo ina tatu, na maabara yake. Hisabati mbili. Jumla nane. EGM ina sita, na hakuna maabara. Kemia ninaiheshimu, lakini kwa anayekwenda kuandika programu, faida yake kubwa ni kumwachia nafasi ya kughairi. Kijana wa miaka 17 hughairi, kwa hiyo faida hiyo si ndogo. Lakini ikiwa Kemia itamla saa za usiku ambazo angezitumia kwenye Mathe, basi ameuza ng'ombe kununua kamba.

Wanafunzi wenyewe huniuliza kwa uchungu, hasa wakikuta semista ya kwanza imejaa kalkulasi na mantiki kabla hata hawajazoea kibodi: Mathe ya nini, madam, wakati kompyuta ndiyo inayokokotoa?

Nina zoezi ninalolitoa kwa ajili ya swali hilo. Nawapa orodha ya majina milioni moja ya kutunga, yaliyopangwa kwa alfabeti, wanaandika programu ya kutafuta jina moja humo. Karibu wote wanaandika kitu kile kile: chukua jina la kwanza, linganisha, kama silo, nenda la pili, kama silo, nenda la tatu. Inafanya kazi, na wanafurahi. Jina likiwa la mwisho, kompyuta imelinganisha mara 1,000,000. Hapo nawauliza: wewe ukitafuta jina lako kwenye orodha ndefu iliyobandikwa ukutani, unaanza na Abdallah ndipo ufike Zuhura? Wanacheka. Haya, tazama katikati ya orodha. Jina lako liko juu ya hapo au chini yake? Itupe nusu isiyokuhusu. Iliyobaki itazame katikati, tupa nusu nyingine. 1,000,000 inakuwa 500,000, inakuwa 250,000, inakuwa 125,000. Wanaendelea kugawa kwenye karatasi, na wakifika mwisho wanarudia kuhesabu kwa sababu hawaamini: hatua 20. Mbili ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 20 unapata 1,048,576, ambayo inazidi ile milioni yetu.

Hiyo ni logi. Ni ile ile ya kidato cha pili iliyokuwa ikiwafanya waombe ruhusa ya kwenda msalani. Sasa ndipo nawatambua walioisoma na walioikariri. Aliyekariri ananakili hatua 20 kwenye daftari. Aliyeisoma anainua mkono: madam, majina yakiwa milioni mbili? Darasa linatarajia 40. Jibu ni 21. Ukiongeza wateja maradufu, kazi inaongezeka kwa hatua moja. Mtu aliyeingiwa na jambo hilo anaelewa kwa nini mfumo wenye mamilioni ya watu unaweza kukupata papo hapo, na kwa nini mwingine, ulioandikwa na mtu asiyelijua, unakwama mchana wa mwisho wa mwezi.

Jingine ni mada ya Mantiki, ya kidato cha tano. Wanafunzi wengi huiona ya kupitia tu, majedwali ya kweli na si kweli, kisha michoro midogo ya swichi za umeme. George Boole aliiweka aljebra hiyo kitabuni mwaka 1854, wakati hakuna kompyuta duniani. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, akaonyesha katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwamba aljebra hiyo hiyo inatosha kusanifu saketi za swichi. Kompyuta iliyo mezani kwako inatembea juu ya hilo. Lakini mimi sihitaji hata historia kuitetea mada hii. Nina mfano wa mkopo.

Kanuni inasema: apewe mkopo mwenye umri wa miaka 18 au zaidi na asiye na deni. Andika sasa kanuni ya anayekataliwa. Mwanafunzi anaandika haraka: umri chini ya 18 na ana deni. Tunaijaribu. Anakuja mtu wa miaka 40 mwenye madeni mpaka shingoni, programu inampa mkopo, kwa sababu hayuko chini ya 18. Darasa linalipuka. Kilichotakiwa ni "au": umri chini ya 18 au ana deni. Ukikanusha "na", inageuka "au". Kanuni hiyo ina jina la Augustus De Morgan, na mtoto aliyechora majedwali yale kwa moyo wake wote kidato cha tano haiandiki vibaya hata akiwa na usingizi. Makosa ya aina hii hayaleti ujumbe wowote mwekundu kwenye skrini. Programu inakimbia vizuri tu, na fedha zinatoka.

Nikiongeza kwamba mwishoni mwa mada ya Elektroniki kwenye Fizikia ya kidato cha sita unakutana na mageti ya mantiki, utaona kwa nini walimu wa kompyuta tunaipenda PGM kimyakimya. Fizikia na Hisabati zipo, na Jiografia inakupumzisha kichwa bila kukupotezea muda.

Kuna somo la kompyuta lenyewe. Ndiyo, kidato cha tano na sita lipo, na kombi yake ya siku nyingi ni PMCs: Fizikia, Hisabati na Kompyuta. Shule zinazoifundisha ni chache, kwa sababu inataka maabara ya kompyuta, umeme wa uhakika na mwalimu aliyesomea. Machi 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani kombi, mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, na simu yangu nusura ilipuke. Orodha ndefu ni jambo zuri. Ila tahasusi kuwa kwenye orodha ni kitu kimoja, na shule utakayopangiwa kuwa na mwalimu wa somo hilo ni kitu kingine. Ukipata PMCs kwenye shule yenye mwalimu na mashine, ichukue, ni kombi safi. Ukiikosa, usilie. Chuoni programu tunaianza mwanzo kabisa, tunachukulia kwamba hujawahi kuandika hata mstari mmoja. Hisabati ya Juu, kwa upande wake, hatuianzi mwanzo. Mhadhiri wa kalkulasi anafuta ubao na kuendelea pale kidato cha sita kilipoishia, na anayebaki nyuma anaanza kuhesabu sapu, yaani mitihani ya kurudia, akiziachia anakwenda kudisko, anaondolewa chuoni.

Watoto wa EGM wananifurahisha kwa jambo moja: wamezoea kushika takwimu zilizochafuka, za mvua, za bei, za watu. Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015 kulikuwa na mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa walipita kuchora ramani za maeneo yanayofurika, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, wakitumia simu na ramani huru ya OpenStreetMap. Kazi kama ile inataka mtu anayejua mwinuko wa ardhi na mizani ya ramani kwanza, ndipo afundishwe programu. Ukimletea mtoto wa PCM tu, atakuandikia mfumo mzuri unaosema maji yanapanda mlima.

PCB ni habari ndefu kidogo. Anayesoma PCB huwa anaota udaktari, na kompyuta inakuja baada ya matokeo kumsaliti. Wengi wanafika kwangu kwa BAM, na siwezi kukuficha: mwaka wa kwanza wanateseka. Lakini mifumo ya hospitali inawahitaji watu hawa. Takwimu za afya za nchi hii zinapita kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika katika nchi nyingi duniani, na anayetengeneza fomu zake lazima ajue tofauti ya mgonjwa aliyelazwa na aliyekuja kliniki. Kwa hiyo mtoto wa PCB akiniuliza, namwambia aichukulie BAM kama somo kuu la nne. Wenzake wanaichukulia kama General Studies, na ndiyo maana wanakwama.

Kwa HKL na HGL, kombi zisizo na Hisabati, mlango wa digrii ya kompyuta ni mwembamba sana, na sitawadanganya. Hata hivyo, nikiri jambo moja linalonishangaza kila mwaka: wanafunzi wanaosoma vizuri, namaanisha kusoma maandishi, wanashinda kwenye maabara. Programu ikigoma, kompyuta inaandika ujumbe wa kosa, mara nyingi na namba ya mstari. Nusu ya darasa hawausomi. Wanaita, "Madam, imekataa." Nawasogelea, nawaambia someni kwa sauti. Wanasoma, wanafika katikati ya sentensi, wanasema "Aaah," na mimi naondoka bila kugusa kibodi. Mtoto aliyekulia kwenye vitabu hahitaji kuitwa asome. Laiti wangekuwa na Mathe!

Yote haya yanarudi kwenye karatasi moja ya matokeo, na karatasi hiyo haisemi kila kitu. Katika mtihani wa kidato cha nne, C inaanzia 45 na kuishia 64. Watoto wawili wenye C ya Mathe wanaweza kupishana alama 19, na wote wanaitwa "wa C". Mmoja wao atairuka Hisabati ya Juu bila jasho. Mwingine wiki ya tatu ya kidato cha tano, inapoanza ile aljebra nzito, ataanza kutafuta kombi ya kuhamia. Kumbuka pia kwamba kwa miaka ya karibuni waliofaulu Mathe kidato cha nne wamekuwa kama robo tu ya watahiniwa. Mtoto mwenye C ameshawapita wengi, na ndiyo maana anasifiwa, na ndiyo maana hakuna anayemuuliza C yake ni ya wapi.

Aliyeikosa Mathe kabisa ana njia yake, na ni njia halali, isiyo ya aibu. Kwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne unaweza kuomba astashahada ya TEHAMA katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET, ngazi ya nne, kisha ya tano na ya sita, na hapo una diploma. Ukiimaliza kwa GPA ya 3.0 au zaidi, unaruhusiwa kuomba digrii. Angalia tu sharti la kila chuo, maana vingine vinadai Hisabati iwemo kati ya ule ufaulu. Wanafunzi wangu waliopitia diploma ndio wanaonisaidia maabara mwezi wa kwanza: wanajua kusakinisha, wanajua kutafuta kosa, wengine wana wateja tayari mjini. Kalkulasi ikianza, wanakuwa wa kwanza kubisha hodi ofisini kwangu. Hawana haya ya kuuliza, na wengi wanavuka.

Nawaelewa wazazi wanaobabaika. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, baada ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo hiyo kuleta hasara na vurugu. Mtu aliyesoma sekondari miaka ya 80 hakuwa na mwalimu wa kompyuta, hakuwa na jirani mwandishi wa programu, na leo anatakiwa amwongoze mwanawe. Anashika alichokijua: PCM ni ya watu wenye akili. Na baba anayeniambia binti yake ataumizwa na Mathe, aende EGM "ndogo", huwa namkumbusha kwamba M ya EGM na M ya PCM ni mtihani ule ule, saa ile ile, karatasi ile ile. Kisha namuuliza kama amemuuliza binti mwenyewe. Mara nyingi bado.

Kwa hiyo wewe uliyepata matokeo, kabla dirisha la kubadili tahasusi kwenye Selform halijafungwa, fanya mambo mawili. Fungua mwongozo wa TCU, tafuta kozi tatu za kompyuta katika vyuo vitatu tofauti, na usome safu ya sifa za kujiunga mpaka nukta ya mwisho, si jina la kozi tu. Halafu tafuta karatasi ya Hisabati ya NECTA ya kidato cha nne ya mwaka ambao hujawahi kuupitia, ikalie saa tatu bila simu na bila daftari, umpe mwalimu asahihishe bila huruma. Ukifika 60, jaza PCM, PGM, PMCs au EGM, yoyote unayoipenda kati ya hizo. Ukiwa kwenye 45, jaza EGM au PGM na utafute mwalimu wa Mathe wiki hii hii. Kidato cha tano kinaanza Julai.